Anayejaza Risasi Haoshi Vyombo

Jumatatu, 20 Oktoba

Balaa! Harlan amepiga simu. Ni kaka wa mke wangu Ardith, na ndiye mkuu wa kambi yetu ya kuwinda kulungu kule mlimani. Kambi ina sheria moja: anayewajazia wenzake risasi nyumbani, yaani kutia baruti mpya katika maganda yaliyotumika, haoshi vyombo. Miaka yote nimejaza mimi. Nakaa karibu na moto, miguu juu, nikiwatazama wenzangu wakisugua masufuria kwa maji ya barafu. Raha iliyoje!

Lakini mwaka jana risasi zangu mbili ziligoma. Harlan alimlenga kulungu dume mwenye pembe za ajabu, akafyatua. Tik. Akafyatua tena. Tik. Kulungu akamtazama, akaenda zake. Mimi nikasingizia baridi. Jirani yetu Tvedt, naye ni wa kambi hiyo na hakuulizwa, akasema baridi haina kosa, kosa ni uchafu wa mashine yangu ya kujazia risasi. Sasa Harlan anakuja Alhamisi kuikagua gerejini. Akikuta uchafu, mjazaji ni Tvedt na sifongo ni yangu.

Ardith anasema kazi yenyewe ni ya mchana mmoja. Fungua, piga brashi, futa, kausha, tia mafuta kidogo, funga. Mchana mzima! Mtu mwenye akili kama mimi?

Jumanne, 21 Oktoba

Ardith kaenda kanisani kushona mablanketi na wenzake. Nafasi hiyo! Nimeifungua mashine ya risasi vipande vipande, nikavipanga vyote ndani ya mashine yake ya kuoshea vyombo. Sabuni maradufu. Nikajilaza kwenye kochi, nikijipongeza.

Vipande vimetoka safi. Glasi za harusi yetu, zilizokuwa humo, zimetoka nyeusi. Hadi saa ya chakula vipande navyo vilikuwa vimeshika kutu, rangi ya karoti. Chuma hakipendi kulala na maji, nani alijua? Ardith alijua. Kasema, "Verlin, hii ni ya vyombo vya kulia, si vya kuulia!" Kisha kanipa chakula changu katika sahani ya karatasi, nikale barazani na mbwa.

Mbwa alikuwa na bakuli lake la kawaida.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimemchungulia Tvedt dirishani. Anahudumia mashine yake kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kitambaa hapa, brashi pale, tone moja la mafuta, anafuta, anatazama, anafuta tena. Tone moja! Bahili mkubwa.

Mimi nimemimina kopo zima. Kutu haionekani tena! Kila kitu kinateleza, kinang'aa, mpaka kile kisahani cha fataki, vile vifuniko vidogo vya kuwashia baruti. Maganda matupu ya risasi nimeyatia katika pipa la umeme linalotetemeka, ndani mna chenga kavu za kokwa za jozi za kuyasugua, yakatoka kama dhahabu. Kitabu cha mashine kinataka kila ganda lipakwe mafuta kidogo kabla ya kusukumwa ndani ya kalibu, tundu la chuma la kulirudishia umbo. Mafuta yamekwisha. Ganda linalong'aa hivi litakwama wapi? Vitabu huandikwa na waoga.

Alhamisi, 23 Oktoba

Harlan kaja. Tvedt naye kaja, eti kupita tu. Harlan kaitazama mashine, kapiga mluzi. Kasema, "Shemeji, leo umeniweza." Nikamtazama Tvedt kwa huruma ya mshindi.

Hapo ningepaswa kumwita Harlan ndani ale pai ya Ardith, mambo yaishe. Lakini kichwa changu! Nikasema ngoja nikuoneshe inavyoteleza. Nikatia ganda, nikashusha mpini. Ganda likaingia, likagoma kutoka. Nikavuta. Nikaning'inia. Mpini umejaa mafuta, mikono ikaponyoka, nikaenda kukaa ndani ya ndoo. Nikarudi kwa hasira, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Meza nzima ikang'oka ukutani.

Tvedt hakucheka. Heri angecheka! Alitia mkono mfukoni akatoa kifaa cha kuchomolea maganda yaliyokwama. Mtu anapita tu, ana kifaa hicho mfukoni? Nimedhalilika.

Kisha Harlan akapitisha kidole katika kisahani cha fataki. Kidole kikatoka kinachuruzika. Akaniuliza polepole kama mwaka jana pia nilipaka mafuta humo. Nikajibu kwa fahari kwamba mimi hupaka kila mwaka.

Harlan akajifuta kidole.

Akasema fataki ikilowa mafuta haiwaki, hulia tik tu. Akasema, "Shemeji, lete glavu za kuoshea vyombo."

Jumamosi, 25 Oktoba

Kambini. Theluji. Harlan amempata kulungu kwa risasi moja, ya Tvedt. Wamempigia makofi. Tvedt amekaa mahali pangu, miguu juu, kwenye kiti changu. Nimeumia kweli, siwezi kuficha. Nimesugua sufuria la mchuzi mpaka vidole havina habari. Mafuta ya kulungu hugandia bati kama nta.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimepata akili! Lile pipa la kutetemeka nililileta, nimelificha chini ya blanketi. Chenga za jozi nimetia nyingine mpya, sijazitumia hata mara moja. Wenzangu walipopanda mlimani nimelichomeka kwenye umeme wa gari la Harlan, nikatia vyombo vyote, nikakaa kwenye kiti changu. Miguu juu!

Sahani zimetoka bila rangi. Betri ya gari imekufa. Kikombe cha udongo cha Harlan, alichoachiwa na marehemu mama yake, kimebaki mkono tu.

Nawasikia wanashuka, wanaimba. Nimekwisha kuona kosa lilipokuwa: vyombo vilikuwa vikavu mno. Vyombo vya chakula cha usiku lazima vitiwe mafuta, na kopo la mafuta alilokuja nalo Tvedt limejaa.