Nimemwombea Tajiri wa Kwenye Runinga

Jamani, leo nimeumbuka, na kwa kuwa ni nyumbani kwangu, hata pa kukimbilia sina.

Jumuiya imesali kwangu hapa Kihonda. Hata wifi Tekla kaja. Huyu ni dada wa mume wangu. Mwaka jana alimpa nabii mmoja cherehani yake, ati zitarudi tatu. Haikurudi hata sindano. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini (ndiyo, mbele yake). Tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Leo kaja na mkungu wa ndizi, nikasema moyoni, hapa lazima tupatane.

Tukafika kwenye nia za maombi. Sasa mimi wiki nzima naangalia filamu moja ya vipande vipande, mambo ya kweli, ya matajiri wa Ulaya waliotekwa akili na nabii wao. Nimelia mpaka macho yamevimba. Zamu yangu ilipofika, mdomo ukatangulia: "Tumwombee dada Patrisha. Kampa nabii nyumba, shamba, hadi farasi. Sasa hana pa kulala." Na machozi juu.

Kina mama wakaguna kwa huruma. Tekla akalia kuliko wote. Tulipomaliza kusali akanishika mkono.

"Wifi, sikujua una moyo huu. Yaliyompata huyo dada nayajua mimi."

Nikaitikia kwa kichwa. (Ningesema ukweli pale pale, yangeisha.) Na jumuiya yetu mnaijua: ukitaja mwenye shida, watu wanatoka hapo hapo kwenda kumpa pole. Mara mezani pana mchele, maharage, sabuni, na ule mkungu wangu. Tekla kauhamisha kwa Patrisha. Mwenyekiti, Mama Kosta, kashajifunga kanga.

"Haya, tuongoze. Anakaa wapi?"

"Mbali kidogo."

"Mwembesongo?"

"Ulaya, mama."

Mama Kosta akalegeza kanga.

"Sasa wewe umemjulia wapi?"

Nikaonyesha runinga kwa kidole: ni tajiri wa kwenye filamu.

"Hata bwawa la kuogelea wamemchukulia?" akauliza mama mmoja, taratibu.

"Yote mawili," nikajibu. (Sijui kwa nini nilijibu.)

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Tekla hakucheka.

"Mimi nilikuwa na cherehani moja tu," akasema. "Ningeonyeshwa kwenye runinga, ungenililia?"

Niliona aibu hadi miguuni. Nimemwomba msamaha pale pale, mbele ya mchele wa Patrisha. Akaniangalia weee, halafu akavuta kiti.

"Washa. Nimwone huyo nabii wako."

Wenzake wameondoka, yeye bado yupo. Tumepika ndizi, tuko sehemu ya nne. Patrisha anaaga farasi wake na Tekla analia kwa kwikwi. Nami nalia, ila safari hii namlilia mwenye cherehani.

Mkicheka, chekeni polepole. Tekla anasoma begani kwangu ninavyoandika, na kasema niwaambie cherehani ilikuwa mpya.