Jezi ya Mji Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Redio imetangaza asubuhi! Timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka kumi na saba inateuliwa wiki hii. Majaribio ni Jumamosi, uwanja mmoja tu, na uwanja wenyewe uko wapi? Mji mkuu. Ungekuwa wapi tena. Nimesimamisha cherehani katikati ya suruali ya mwalimu mkuu ili nisikie vizuri.

Binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kombora kwa ajili ya mguu wake wa kushoto, hana mpinzani huku kwetu. Sisemi hivi kwa kuwa mimi ni baba yake. Nasema kwa kuwa ni kweli, na pia kwa kuwa mimi ni baba yake. Lakini timu iliyopita karibu yote ilitoka mji mkuu. Mkoani walimchukua kipa wa akiba, akakaa benchi mpaka mashindano yakaisha. Yaani sisi huku tunazaa watazamaji?

Nimemwambia mke wangu huu ni uonevu wa mchana kweupe. Amekubali kabisa. Kisha akauliza suruali ya mwalimu mkuu itakwisha lini.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Ilinijia wakati nakata kola.

Wateuzi ni binadamu, na binadamu huangalia nguo kwanza. Kama si hivyo, mimi ningekula nini? Wakiona jezi ya bluu yenye mstari wa dhahabu, ile ya chuo cha soka cha mji mkuu, wanakaa vizuri kwenye viti. Wakiona jezi yetu ya kijani iliyochujuka, wanakumbuka kwamba wana njaa. Basi Kombora atavaa bluu! Na fundi ni nani? Mimi!

Kitambaa ninacho, kilibaki kwenye mapazia ya ukumbi. Mstari wa dhahabu nimeutoa kwenye mkanda wa gauni la harusi ambalo bibi harusi hakulifuata tena. Tatizo ni nembo. Chuo kina tai aliyekamata mpira kwa kucha. Nimedarizi jioni nzima. Tai wangu ametoka kama kuku anayetaga, lakini kwa mbali hatajulikana.

Jumatano, 5 Machi

Kombora haitaki jezi. Ameuliza wateuzi watamchagua yeye au kitambaa. Nimemweleza kwa upole kwamba watachagua kitambaa kwanza, naye atakuwa ndani. Ameangalia nembo, akauliza kwa nini kuku ameshika mpira. Mtoto ana macho makali, na hilo ndilo tunalotaka kwa mshambuliaji.

Mchana amekuja Bucha. Huyu ni jirani yangu, duka lake la nyama linatazamana na langu, na tangu tuanze kutazamana hatujakubaliana jambo hata moja. Binti yake ni kipa. Anaitwa Komeo, ni rafiki wa damu wa Kombora, hilo sina la kufanya. Bucha alitaka nimzibie Komeo viwiko vya jezi ya kijani, naye anampeleka kwenye majaribio. Nikamwambia kazi zimenielemea. Akaangalia meza yangu, ambayo ilikuwa na suruali moja. Akaichukua jezi yake, akaondoka.

Jioni nimemwona kibarazani kwake akiziba viwiko mwenyewe, kwa uzi ule anaofungia nyama. Mishono ya ajabu! Nilikaribia kumwonea huruma.

Ijumaa, 7 Machi

Tumefika kwa dada yangu, mji mkuu. Yeye ni muuguzi, sebule yake ina makochi mawili, moja la Kombora na moja la miguu yangu. Kwenye basi tulikuwa pamoja na Bucha. Wasichana walikaa kiti kimoja, wakacheka safari nzima. Sisi wazazi tulikaa mmoja mbele na mwingine nyuma, kama watu wenye heshima zao.

Dada alianza kunisimulia kwamba magazeti yamelishupalia shirikisho la soka wiki nzima, kwamba mikoa imelalamika, na sijui mteuzi mkuu amebadilishwa. Nilimwomba anishikie taa, nilikuwa nashona namba mgongoni. Shangazi mtu akamuuliza Kombora kama yuko tayari. Kombora akasema yeye yuko tayari, labda baba ndiye bado.

Jumamosi, 8 Machi

Siku gani hii!

Uwanja ulijaa bluu. Nilifurahi sana. Kombora alipotea kabisa katikati yao, hata mimi nilimtafuta. Komeo na viwiko vyake alionekana toka getini.

Akaingia mteuzi mkuu mpya, mama wa miwani mikubwa na filimbi shingoni. Akasema maneno machache tu. Wote wenye jezi ya chuo wakakae benchi, hao kamati inawajua na wameshaonekana vya kutosha. Leo ni siku ya mikoa.

Bluu yote ikaenda benchi. Na Kombora wangu ndani yake. Alinigeukia mara moja.

Nilivuka mstari mbio. Nikamwambia yule mama kwamba mwanangu ametoka mkoani, mbali, barabara yenyewe ni ya mashimo. Akanijibu kwamba leo kila mzazi ametoka mkoani. Akanionyesha bwana mmoja wa suti na saa inayong'aa ambaye muda huo huo alikuwa amemwapia kwamba wamekuja kwa miguu. Nikamwomba atazame nembo: je, huyo ni tai? Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akakiri ni kuku. Lakini akasema ushonaji mbaya hauthibitishi mtu ametoka wapi. Ushonaji mbaya! Mimi!

Akataka shahidi. Na katika uwanja ule wote aliyenijua ni mtu mmoja.

Nilimwendea Bucha. Sitaandika nilivyosema, ila neno tafadhali lilikuwamo mara nyingi. Alimaliza kwanza maji yake. Kisha akaenda mbele ya mteuzi, akasema kwamba mimi ni fundi wa mtaani kwao, kwamba binti yangu ndiye mchezaji bora aliyewahi kumwona kwa macho yake, na kwamba Jumatano nilikataa kumzibia mwanawe jezi. Sikuona sababu ya kuongeza hilo la mwisho.

Komeo alikuwa na jezi nyingine ya kijani kwenye mkoba. Kombora akaivaa, ikamfika magotini, akaingia mwishoni mwishoni. Mguu wa kushoto ukaanza kazi! Mabeki wa mikoa mitatu waliachwa wakiulizana. Alifunga, akafunga tena, na ule mpira mwingine aliozuiwa alizuiwa na Komeo, kwa vidole vya mwisho.

Wote wawili wamechaguliwa. Nimelia mbele za watu. Nimemkumbatia Bucha, anukia nyama kila upande, sikujali.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Wasichana wamebaki kambini. Nilitegemea mtaa unipongeze. Mtaa uko dukani kwa Bucha, unasikiliza habari ya kuku. Anaisimulia vizuri, lazima niseme. Mpaka mwalimu mkuu amecheka, naye amevaa suruali ya zamani.

Halafu nimefikiri. Kombora peke yake ingekuwa fahari. Kombora na Komeo, watu wanasema tu mtaa wetu una watoto wazuri. Na nchi yote hii kubwa! Wawili kutoka mji mmoja! Mtaa mmoja! Milango inayotazamana! Kama huo si upendeleo, upendeleo ni nini?

Jumatatu, 10 Machi

Nimepiga simu kwenye kipindi cha michezo. Kwa sauti nzito, kama mzee wa mkoa wa mbali sana. Nikasema kuna mji umechukua nafasi mbili wakati mikoa mizima imekosa hata moja, na kwa haki mmoja aondolewe. Mtangazaji akasema mzee umeongea kitu kizito sana, shirikisho litajibu. Nilikata simu nikiwa nimevimba kifua.

Mke wangu akatoka jikoni na redio mkononi. Alikuwa amesikia. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliuliza jambo moja: wakiondoa mmoja, watamwondoa nani?

Komeo, bila shaka. Nikafungua mdomo niseme. Makipa waliochaguliwa ni wawili tu. Washambuliaji wamejaa tele.

Nilikaa juu ya pasi. Nashukuru ilikuwa imepoa.

Jumanne, 11 Machi

Bucha amefunga duka, akaja kwangu. Kumbe wakati naongea redioni, kwa woga, mguu wangu ulikuwa unakanyaga cherehani, na mtaa mzima unajua mlio wake. Nilitegemea matusi. Aliniuliza tu kwa nini. Nikamsogezea kiti cha wateja. Akakaa, tukasubiri redio pamoja, kila mtu na mtoto wake moyoni.

Kombora alipiga simu kabla. Walikisikiliza kipindi kwenye bwalo, wenzake wakacheka sana. Aliuliza kama yule mzee ni mimi. Nikakataa. Akasema, "Baba." Basi, hilo tu, kisha akakata simu. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata uwanjani.

Saa ya michezo yule mama wa miwani akajibu. Alisema zamani walikuwa wanachagua kwa ramani, wakiangalia mji mmoja tu, na yeye hataki kuanza kuchagua kwa ramani nyingine. Alichagua kwa mpira. Wasichana wote wawili wanabaki. Na yule mzee wa mkoa wa mbali aitie mafuta cherehani yake.

Bucha alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka. Nimemwahidi mbele ya mke wangu: sitaingilia tena mambo ya timu. Nimeahidi kwa moyo wote.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi njema! Cherehani imetiwa mafuta, suruali ya mwalimu mkuu imekwisha, Bucha ameniletea maini kwa ajili ya amani.

Redio imesema nahodha atatangazwa Ijumaa, na wengi wanamtaja kipa kutoka mkoani. Kipa! Kipa amesimama nyuma kabisa, atamwongoza nani, nguzo? Mshambuliaji mzuri yupo, tena wa mguu wa kushoto. Lazima mtu aseme. Si mimi, mimi nimeahidi. Atasema mama mmoja mzazi, wa mkoa wa mbali, atakayepiga simu kutoka kwa kinyozi, ambako hakuna cherehani.

Nimefanya mazoezi ya sauti yake chumbani. Mke wangu ameita kutoka jikoni, ameuliza mgeni wangu huyo ni nani na kwa nini sijamkaribisha chai. Sauti imekubali!