Bei ya Taa Isipande Wala Isishuke

Jumatatu, 2 Februari 1998
Nimekasirika tangu asubuhi na bado sijamaliza.

Hasani mwenye jenereta amefuta ubao wake tena. Ijumaa taa moja ilikuwa shilingi mia kwa jioni. Jana mia na sitini. Leo mia mbili! Eti dizeli inafika hapa Gulwe kwa treni na bei yake inafika nayo, yeye kazi yake chaki tu. Mafuriko yamekula reli, basi chaki inapanda.

Na friji langu linahesabiwa taa nne! Nililinunua kwa mbuzi sita ili niwauzie abiria soda baridi. Likizimika, Anyesi mke wangu atanikumbusha mbuzi mmoja mmoja.

Shemeji Loisi anauza soda palepale stesheni, kutoka kwenye mtungi uliozungushiwa gunia lililolowa. Upepo unamfanyia kazi bure. Kaniuliza friji langu limeamkaje.

Jumanne, 3 Februari
Wazo! Serikali!

Nilikuwa karani wa duka la ushirika enzi za bei za kupangwa. Daftari la matangazo ya wakati ule bado ninalo. Lugha tamu, siku hizi haipatikani. Nimeunda Kamati ya Kulinda Watumiaji wa Taa. Mwenyekiti, mimi. Nimejichagua kwa kauli moja. Mwenyekiti hawezi kukosa umeme, kwa hiyo friji lake litawaka bure. Hili sijalitangaza.

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimesema reli itakaa miezi mitatu na taa itafika mia tano. Nani kaniambia? Hakuna. Lakini wameogopa vizuri.

Loisi kauliza, na bei ikishuka je? Nikamuuliza tangu soko huria liingie ameona nini kikishuka hapa stesheni zaidi ya abiria. Watu wakacheka. Nimemweza!

Alhamisi, 5 Februari
Siku kuu. Bwana Biashara, yule afisa biashara wa wilaya niliyemwandikia, kafika na pikipiki, matope hadi magotini. Kasema serikali imeshajitoa kwenye kupanga bei. Ila kwa matope yote aliyoyala, hawezi kurudi Mpwapwa bila kugonga mhuri mahali. Nikamshikia mwavuli.

Kauliza bei ipi. Ubao ulisema mia mbili na hamsini. Akasema basi ya leo, mvua inakuja. Hasani akashika kichwa, akalia kwamba tunamuua. Nilisikia raha.

Tangazo nimeandika mimi, neno kwa neno kutoka daftarini. Bei hii isipande wala isishuke kwa miezi sita. Atakayekiuka, faini. Mhuri, pa! Makofi. Hata Hasani kapiga. Nikadhani ni adabu.

Jumapili, 8 Februari
Reli imepona. Siku tatu tu tangu mhuri! Mafundi wa reli hawana huruma.

Treni imeshusha mapipa ya dizeli hadi hakuna pa kupita. Bei ya dizeli imeanguka. Watu wametoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye ubao. Mia mbili na hamsini. Hasani kasema angependa sana kushusha, roho inamuuma kweli, lakini anaogopa faini. Akaonyesha tangazo. Kaliwekea kioo!

Mzee Thomas hajui kusoma. Akaomba asomewe, na asome yule aliyeandika. Nikamwamkia shikamoo, nikasoma. Nikaharakisha kwenye “wala”. Akanishukuru. Akasema zamani alikuwa anaibiwa bila karatasi.

Nikamvuta Hasani pembeni kuhusu friji la mwenyekiti. Kasema bure nako ni kushuka.

Jumanne, 10 Februari
Kijiji kizima kimerudi kwenye koroboi. Hasani kasema hawezi kuwasha jenereta kwa wateja wawili, kaikodisha Kongwa. Ubao kauacha. Tumelindwa kabisa. Taa haipandi, haishuki, haiwaki.

Soda zangu zina joto la chai. Abiria mmoja kaonja, akauliza kama nina maandazi. Anyesi kahamishia kanga zake kwenye friji. Anasema linafunga vizuri kuliko sanduku.

Ijumaa, 13 Februari
Nimepanga soda zangu kwenye mtungi wa Loisi. Aibu, ila zimepoa.

Masharti yake haya hapa. Siku ya mawingu shilingi kumi kwa chupa. Siku ya jua ishirini, maana gunia linakunywa maji mengi. Leo jua limewaka kupita kiasi, kataka thelathini! Anapanga bei kwa kutazama juu! Nikamwambia huu ni unyonyaji. Kanijibu shemeji, subiri wingu.

Nisubiri? Mimi? Nimeshamwandikia Bwana Biashara aje upesi na mhuri. Kamati ya Kulinda Watumiaji wa Mtungi imeundwa, mwenyekiti kapatikana. Tangazo nimelinakili daftarini, safi kabisa. Thelathini, isipande wala isishuke.

Upande wa Mpwapwa naona wingu. Bwana Biashara asichelewe.