Kwa Kocha Anayetaka Kusikia Sauti ya Binti Yangu

Mpendwa Kocha Lindqvist,

Natumaini hujambo na timu yako ya mpira wa wavu inashinda. Mimi ni Duane Hruska, baba yake Brynlee, yule msichana mrefu kutoka huku mashambani Nebraska.

Nimesoma tangazo la chuo chako kwamba wanafunzi wanaoomba nafasi kwenye timu wawasiliane nawe wenyewe, na wazazi "wabaki jukwaani wakishangilia". Kazi yangu ni kunadi ng'ombe, Kocha, na sijawahi kuona ndama akijinadi mwenyewe. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Barua pepe. Tangu wakati wa mavuno nimekuandikia kwa jina la Brynlee, kwa adabu ambayo yeye hana. Ni kweli nilighafilika mara moja nikaandika kwamba goti langu linanisumbua tangu nitoke jeshini. Mwungwana angefumba macho. Wewe ukajibu, "Pole sana Brynlee, ulikuwa kikosi gani?"

2. Simu. Ulipopiga kuzungumza naye nilipokea mimi, nikaibana sauti mpaka mbwa akatoka sebuleni. Ukauliza ninapenda somo gani, nikasema bei ya mahindi. Tuliagana vizuri, ila ukamalizia na "asante, Bwana Hruska". Kumuumbua mtu hivyo si ustaarabu.

3. Video. Unataka ya dakika tatu, ianze na jina, urefu na darasa lake, kisha mchezo. Katika dakika tatu za video yangu mtoto bado yuko kwenye ubatizo. Ungevumilia kidogo ungemwona akianza kutambaa, na hapo ndipo kipaji kinapojitokeza.

4. Hili ndilo linaloniuma. Umewahi kumhoji mtoto wa miaka kumi na saba? Nikimuuliza shule ilikuwaje, "poa". Mechi je? "Poa." Unataka kwenda chuo gani? "Baba bwana, si tutaona." Huyu ndiye akupigie simu ajieleze? Ataikosa nafasi, na hakuna chuo kingine kilichomuulizia. Nikinyamaza mimi, nani atamsemea?

Basi naomba nitambuliwe kuwa msemaji wake. Na kwa kuwa msemaji hakai mbali na anayemsemea, nipatiwe kitanda bwenini, sikoromi sana. Akiwekwa benchi nitakaa naye, na akikemewa nikemewe mimi. Kama hayo ni mazito, basi sheria iwe moja kwa wote, nawe usiseme. Nasikia baba yako yu hai na anafuga nyuki kule Kearney. Aniandikie yeye, wazee tuelewane, nanyi watoto mkae pembeni mkisubiri jibu.

Wasalimie wasaidizi wako, wachezaji wote, na yule mama wa mlangoni aliyenizuia kuingia mazoezini na sahani yangu ya kolache, maandazi yetu ya matunda, kisha akayala.

Wako mtiifu, kwa niaba ya mchezaji,
Duane Hruska

Baada ya sahihi: Nilimpa Brynlee barua hii anisahihishie. Akaisoma kwa kusimama, akasema, "Baba, hii usiitume, tafadhali," akachukua simu akaenda kukaa kwenye pikapu. Unajua alimpigia nani. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, nami nilikuwa na vyombo vya kuosha. Aliongea mpaka chakula kikapoa, Kocha, huyohuyo wa "poa". Alikueleza jinsi mpira unavyoishia wavuni akiuanzisha nami napiga kelele jukwaani. Alikueleza kwa nini anakitaka chuo chako, na sababu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Barua naituma hivyohivyo, maana stempu nimeshabandika, lakini usiihangaikie. Mwishoni alikuuliza kama wachezaji huruhusiwa kurudi nyumbani kila Jumapili, kwa sababu tangu mama yake afariki sijazoea kula peke yangu. Hilo sikuwahi kukuambia wewe, wala yeye sikuwahi kumwambia. Akiuliza tena, mwambie baba yake Jumapili huwa ana shughuli.