Ombi la Kuteuliwa Kitenzi Kimoja ili Mke Wangu Arudi

Mtanda, Lindi

Mzee Klementi, Baba Mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Ni mimi mkweo Eusebio, mwalimu wa Kiswahili. Leo ni siku ya tisa Anjelina yuko kwako Sudi, na najua ameshakueleza ya kwake. Naomba nami nisikilizwe, kwa mpangilio.

1. Msibani kwa shangazi yake, Anjelina alisema, "Tutakukumbuka sana milele." Nilisimama nikawaeleza waombolezaji kwamba "sana" na "milele" hayakai pamoja. Nilisema kwa upole. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mume wangu, badilika."

2. Kubadilika, Baba, ni kuacha kuwa hiki ukawa kile. Nikibadilika, binti yako atakuwa anaishi na mwanamume ambaye hakufunga naye ndoa. Sidhani kama padri ataliafiki jambo hilo.

3. Nilipomdokezea Anjelina hayo akasema, "Basi jirekebishe." Kinachorekebishwa ni kilichoharibika, kama breki za baiskeli. Je, wewe ulimwoza mwanao kwa kitu kibovu? Hapa nakutetea wewe, sijitetei mimi.

4. Jirani yetu, Mama Fortunata, alikuja kusuluhisha, akashauri niboreshwe. Neno hilo nililipenda. Anjelina akasema, "Huyu si wa kuboreshwa, ni wa kugeuzwa." Kinachogeuzwa ni chapati.

5. Asubuhi yake nilikuta karatasi mezani: "nimeenda kwa baba nitarudi ukibadilika". Nikaweka herufi kubwa, mkato na nukta kwa kalamu nyekundu. Kumbe alikuwa amesahau kanga, akarudi kuichukua. Akaisoma ile karatasi, akaikunja, akaondoka bila kuniaga.

Kwa hiyo naomba uitishe kikao cha ukoo, mpige kura, mniletee kitenzi kimoja kilichopitishwa. Nitakitekeleza kama kilivyo. Kabla ya hapo siwezi kuanza, maana sitajua ninachokifanya.

Nisalimie Mama, shemeji zangu wote, na Anjelina iwapo atakubali kusalimiwa.

Wako katika utii na ufasaha,
Mwalimu Eusebio

N.B. Barua hii nimeiandika mara sita, na kila mara imezidi kuwa ndefu. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu: "Baba, mwambie arudi, nitakuwa vile atakavyo." Nimeitia humu humu kwenye bahasha. Mpe hiyo. Hii tafadhali usimwonyeshe.