Kalunde Ataka Kuyaona Maji

Ndolo aliingia Mwingi mwezi wa nane mwaka wa 1987 akiwa na suti moja ya kijivu, mkoba mmoja wa ngozi na majina matatu. Kule Kalamba alikuwa ameitwa Daktari, akawauzia wakulima dawa ya kufukuza ndege kwenye mtama. Dawa yenyewe ilikuwa maji, majivu na bluu ya kufulia. Ndege waliipenda sana. Kwa Vonza alikuwa Inspekta, na mambo ya Kwa Vonza tuyaache, kwa sababu wenyewe bado wanamtafuta.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa ameketi katika hoteli ndogo mkabala na soko la mifugo, mbele yake chai na mandazi mawili, bado hajaamua Mwingi atakuwa nani. Mtu wa kazi yake haanzi na jina. Huanza na masikio.

Meza ya pili walikaa mume na mke wa makamo. Mume, Mutunga, alikuwa mrefu na mkavu kama fimbo aliyoishika katikati ya magoti. Mke, Kalunde, alikuwa akisuka kiondo huku akiongea, na vidole vyake havikupumzika hata pale mdomo ulipopumzika. Ukutani juu yao ilining'inia kalenda ya mwaka uliopita, yenye picha ya maporomoko ya Nyahururu.

"Mzee, hebu niambie," alisema Kalunde. "Tangu tufunge ndoa kanisani ni miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Na umenipeleka wapi?"

Mutunga alitafakari kwa haki. "Kitui."

"Kitui nilienda kung'olewa jino!"

"Lakini si mimi nilikupeleka?"

Kalunde aliinua kidevu kuelekea kalenda. "Mimi nataka kuyaona yale maji. Siku mbili tu, mimi na wewe. Bila watoto, bila wageni, bila mbuzi. Nikae mahali niletewe chai na mtu nisiyemjua."

"Na hizi mbuzi nitaachia nani?" Mutunga akauliza, akielekeza fimbo yake ng'ambo ya barabara.

Ndolo akageuka taratibu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na zizi, na ndani ya zizi mbuzi wapatao sitini, wanene, wenye manyoya yanayong'aa, kila mmoja amepakwa mstari wa rangi nyekundu mgongoni. Andazi likamkwama Ndolo kooni. Lilipofika tumboni, alikuwa tayari ni Meneja.

"Samahani mzee wangu, samahani mwaitu, mama yangu," alisema, huku amekwisha kuvuta kiti. "Sikukusudia kusikiliza, ila Mungu ndiye aliyetupa masikio. Mimi ni meneja wa Kampuni ya Mapumziko ya Wapendanao, tawi la Mwingi."

"Na makao makuu yako wapi?" Kalunde akauliza.

"Yanahama, mama. Yanafuata wateja."

Halafu akaifungua ile sauti yake. Aliwaeleza jinsi maji yanavyoanguka Nyahururu, jinsi mvuke unavyopanda na kumbusu mtu usoni, jinsi wake waliopelekwa huko wanavyorudi wakiwa wasichana. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kufika, lakini kalenda ilikuwa hapo hapo na macho yake yalikuwa mazuri.

"Na mzee, hizi mbuzi ni zako?" akapenyeza swali.

Mutunga alikohoa. "Mimi ndiye ninazilisha. Mimi ndiye ninazinywesha. Hata ile moja inakohoa usiku, ni mimi ninajua."

Ndolo akatikisa kichwa kwa heshima. Hivi ndivyo matajiri wa huku wanavyoongea, alijiambia. Hawajisifu.

"Basi kazi imeisha. Mnatoa mbuzi kumi leo, mkirudi mnatoa kumi zingine. Safari ni Jumatano." Jumatano yenyewe yeye alikuwa amepanga kuwa mbali, pamoja na mbuzi kumi.

Kalunde aliweka kiondo chini. "Mwaka juzi bwana mmoja alivaa suti kama hii, akaniuzia shamba Makueni. Nilipoenda kuliona, nilikuta liko katikati ya mto. Tangu siku hiyo, kitu sijaona kwa macho, sikilipii."

Mjanja mwenye busara angemaliza chai yake na kuaga. Ndolo aliwatazama wale mbuzi. Mmoja alimtazama pia, akatafuna polepole, kama nyama inayojua bei yake.

"Sawa," alisema Ndolo, na mwenyewe akashangaa kujisikia. "Kampuni inagharamia kila kitu. Gari, chumba, chakula. Mkisharidhika na kurudi, nachukua mbuzi arobaini." Alisema arobaini ili wambane mpaka ishirini.

Kalunde hakumbana. "Kwa nini arobaini? Siku tukirudi, ukiingia hapo zizini ukachukua zote, mimi na mzee wangu hatutakuzuia."

Mbuzi sitini! Mtu wa kawaida angejiuliza swali hapo. Lakini Ndolo alikuwa amezoea maswali ya kuwauliza wengine.

"Kalunde..." Mutunga akaanza.

"Nyamaza mzee, bwana anaandika. Andika hivyo hivyo nilivyosema, Meneja. Usiongeze utamu."

Ndolo aliandika: *Sisi Mutunga na Kalunde, tukisharudi kutoka Nyahururu, hatutamzuia Meneja kuchukua mbuzi wote walio zizini.* Wakatia sahihi. Yeye akagonga muhuri aliouchonga mwenyewe kwa soli ya kandambili, ulioandikwa KAMPUNI, basi.

Jumatano, mbuzi wakiwa wameachiwa watoto, wakaondoka kwa Pijo nyeupe ya kukodi. Pesa zote za dawa ya ndege ziliishia kwenye hiyo Pijo, na kwa kuwa hazikutosha, Ndolo aliacha saa yake ya mkononi kwa mwenye gari kama amana, zile za Kwa Vonza akaziweka za njiani. Hakuhuzunika. Kilimo kinataka mbegu.

Walipofika Thika, Kalunde akasema anasikia baridi.

"Mama, hapa ni Thika. Jua linawaka."

"Kama hapa ni hivi, huko juu je? Kampuni haina makoti?"

Kampuni ikanunua makoti mawili. Nyeri, Mutunga akagundua kwamba viatu vyake vya matairi haviendi na koti. Kampuni ikanunua viatu. Kila mara Ndolo alipotia mkono mfukoni, aliwaona mbuzi wakipungua katika akili yake, kisha akakumbuka ni sitini, akatabasamu.

Nyahururu walipata chumba safi chenye blanketi tatu. Ndolo hakuwa na pesa ya chumba cha pili, kwa hiyo aliwaambia kwamba meneja hulala na gari, ni sheria ya kampuni. Mezani mhudumu alileta supu. Mutunga aliionja, akaishusha sahani.

"Hii supu imechujwa mpaka imesahau ilikuwa nyama. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, hakuna?"

"Hakuna, mzee."

"Basi leta mkate. Mingi."

Kalunde yeye hakulalamika. Aliketi wima kwenye kiti chenye mto, akaletewa chai na mtu asiyemjua, akainywa pole pole kuliko mtu yeyote aliyewahi kunywa chai mjini Nyahururu. Ilipoisha, akaomba nyingine ili amtazame tena mtu anavyoileta.

Kesho yake asubuhi waliteremka mpaka kwenye ukingo wa maporomoko. Ndolo alitangulia, akiwa na hotuba tayari. Halafu maji yakatokea, na hotuba ikampotea. Mto mzima ulikuwa unajitupa bondeni bila kuuliza mtu. Ardhi ilitetemeka chini ya viatu. Kwa watu wa Mwingi, ambao hupanga foleni na madebe yao kisimani tangu alfajiri, ilikuwa kama kuona mtu akimwaga unga barabarani.

Mutunga aliihamishia fimbo yake mkono wa kushoto. Kisha, mchana kweupe, mbele za watu, akamshika mke wake mkono.

"Kalunde," alisema, "mimi nilidhani ni picha tu."

"Mimi nilijua ni kweli," Kalunde akajibu, na machozi yakamtoka, ingawa kwa mvuke ule hakuna ambaye angeweza kuthibitisha.

Mpiga picha wa pale aliwapiga picha wakiwa wameshikana hivyo. Kampuni ikalipa. Ndolo alihisi kitu kinamchoma kifuani, akaamua ni njaa.

Walirudi Mwingi Ijumaa mchana. Pijo ilikuwa haijasimama vizuri Ndolo alipoona lori kubwa limeegeshwa, nyuma yake ikigusa zizi, na mtu mwenye ndevu nyekundu za hina anapandisha mbuzi mmoja baada ya mwingine.

"Mwizi!" Ndolo akaruka nje mkoba ukipepea. "Mwizi! Mbuzi zangu! Shikeni huyo!"

Soko lote likakimbia kuja kuona. Yule mwenye ndevu hakukimbia. Alimwinua mbuzi aliyekuwa mikononi mwake, akamweka ndani ya lori, akapangusa mikono.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mwenye hizi mbuzi! Wewe nani?"

"Mimi Abdow. Mbuzi nimenunua huko juu, moja moja, mwezi mzima. Kibali cha kusafirisha hiki hapa, kina jina langu na rangi nyekundu ya mgongoni. Mzee Mutunga ananitunzia. Namlipa kila mwezi."

Ndolo akageuka. Mutunga alikuwa anakagua viatu vyake vipya. Kalunde alikuwa anashusha kiondo chake kwenye gari, hana haraka.

"Nina mkataba!" Ndolo akapaza sauti, akafungua mkoba na kuuchomoa. "Umetiwa sahihi! Una muhuri!"

Abdow akaupokea. Alisoma pole pole, midomo ikicheza, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akawatazama wale wawili.

"Mutunga, wewe unamzuia huyu?"

"Mimi? Hapana."

"Mama Kalunde, wewe unamzuia?"

"Hata kidogo. Nilimwahidi."

"Umeona?" Abdow akamrudishia Ndolo karatasi. "Hawa ni watu wa kweli. Hawakuzuii. Mimi ndiye nakuzuia."

Soko likacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Mama mmoja muuza nyanya ilibidi ashikiliwe. Ndolo alianza kusema habari za polisi, na Kalunde akamwambia kwa upole, "Twende, Meneja. Kituo ni hapo tu. Beba na ule muhuri wako waugonge wauone."

Habari za polisi zikaishia hapo.

Lori lilipoondoka na watu wakatawanyika, Ndolo alibaki amekaa juu ya jiwe. Hakuwa na saa, wala nauli. Kalunde akaja akasimama mbele yake.

"Nikuulize kitu kimoja, mwanangu, na unijibu ukweli, mara moja tu. Kama ningekupa zile mbuzi kumi siku ile, ungetupeleka?"

Ndolo alifungua mdomo. Majibu matano mazuri yalikuja, na kwa ajabu yote matano yakapita bila kusimama.

"Hapana, mama."

"Ungetufikisha wapi?"

"Mpaka pale mlipokuwa mmekaa."

"Haya. Njoo ule." Na akampeleka nyumbani, akamlisha muthokoi siku mbili, kwa sababu Kalunde alikuwa Mkristo, na pia kwa sababu hakuwa na kinyongo. Mtu aliyeona maji yale hawezi kuwa na kinyongo wiki hiyo hiyo.

Lakini Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Aliinua ile picha. Aliwasimulia wenzake juu ya mvuke, blanketi tatu na chai ya kuletewa, na jinsi mzee wake alivyomshika mkono mbele ya watu wa makabila yote. "Na huyo Meneja," alimalizia, "hakutuomba hata senti. Anakupeleka kwanza. Mpaka uone kwa macho."

Jumatatu asubuhi Ndolo aliamshwa na vishindo nje ya nyumba. Alitoka akifunga tai. Palikuwa na mabwana na mabibi zao, kama jozi ishirini, wamevaa nguo za Jumapili. Wa mbele alikuwa Mwangangi, mwenye duka kubwa kuliko yote Mwingi, pamoja na mkewe Nthenya.

Moyo wa Ndolo ukafufuka. Watu arobaini! Akajikohoza. "Karibuni. Tutaanza na malipo kidogo ya kwanza..."

Mwangangi aliangua kicheko, akampiga bega. "Mama Kalunde alituambia! Alisema utatupima hivyo hivyo, uone kama tunakuamini. Sisi tunakuamini, Meneja! Hatutoi kitu!"

"Hapana, bwana, kampuni imebadilisha masharti..."

"Anatupima tena!" Nthenya akashangilia. "Sisi tunataka Mombasa. Siku tano. Na makoti."

"Mombasa kuna joto, mama."

"Wale si walipata makoti?"

Ndolo aliwatazama mmoja mmoja. Katika maisha yake hakuwahi kuaminiwa kiasi hicho, na hakuwahi kuona imani isiyomfaa kitu namna hiyo. Akasema anaenda mara moja kuleta fomu. Akauchukua mkoba, akatembea kwa heshima mpaka kona, kisha akaiacha heshima hapo. Lori la sukari la kwenda Garissa lilikuwa linaondoka. Akadandia nyuma, akapanda juu ya magunia.

Walipomwona, wote wakaanza kukimbia, waume wameshika kofia, wake wameshika viatu mkononi. "Meneja! Meneja! Usituache!"

Katika miaka yake yote ya kazi, Ndolo alikuwa amekimbizwa na wakulima, na machifu, na mara moja na mbwa wa padri. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kukimbizwa na watu ambao hajawaibia chochote, na hao ndio waliokaribia zaidi kumshika.