Reale ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mwalimu Rafaeli, jirani yangu hapa Kibiti, anakusanya sarafu za kale. Ana lenzi, ana albamu, ana maringo. Alhamisi anakuja mnunuzi kutoka Dar, na bei inakwenda kwa daraja la sarafu, yaani ubora wake. Mimi sina hata moja. Ila mama mkwe, Bi Mwamini, ana reale ya fedha, ile yenye sura ya bibi mnene wa Kizungu. Kila bi harusi wa ukoo wao huivaa shingoni. Jumamosi ni zamu ya shemeji yangu Rukaiya. Nimemwambia mama kitanzi kimelegea, nimpelekee sonara. Amenipa! Tena kwa dua. Nitauza, nitamtafutia nyingine. Hatajua.

Jumanne, 5 Agosti
Reale ilikuwa nyeusi tii. Nimeisugua kwa majivu na ndimu hadi bibi wa Kizungu akatoa meno. Rafaeli alipoiona akashika kichwa. Eti weusi wa miaka ndio thamani yenyewe, na sasa daraja limeshuka chini kabisa. Wivu tu!

Jumatano, 6 Agosti
Dawa ipo! Tope la mikoko hugeuza fedha nyeusi. Ndiyo maana wavuvi huvua pete vidoleni kabla ya kuingia. Nimekwenda hadi Salale, kwenye mikoko, nikaizika reale ndani ya soksi, nikachomeka fito kuwa alama. Maji yakajaa, yakaondoka na fito. Nimefukua saa tatu nzima, tope mapajani. Kandambili moja imebaki huko mpaka Kiyama. Nimeipata! Nyeusi! Alhamdulillahi.

Alhamisi, 7 Agosti
Mnunuzi ameitazama kwa lenzi. Kisha ameinusa. Akauliza ni uzee gani huu unaonuka yai viza. Ameikataa, akachukua rupia tatu za Rafaeli. Rafaeli akanipa pole huku anacheka. Mwalimu mzima!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeirudisha, nikakiri habari ya majivu na tope. Rukaiya ameinusa, akalia. Amesema bibi yake aliivaa, mama yake aliivaa, na yeye ataolewa ananuka kama katoka kuvua kamba. Nimeona aibu, wallahi. Bi Mwamini hakugomba. Ameisugua mwenyewe mpaka ikang'aa. Kisha akasema kwa vile mkwe wake ni fundi wa kusugua, masufuria yote ya harusi ni yangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Rukaiya kapendeza! Reale imewaka kifuani. Nimelia kidogo. Baada ya pilau nikaletewa masufuria kumi na moja, masizi ya tangu enzi za mababu. Nikashika majivu. Nikasita. Si wataalamu wamesema weusi wa miaka hausuguliwi? Nimeyafunika kwa turubai, nimekataza mtu yeyote kuyagusa. Nimempigia mnunuzi mara nne, hapokei. Bila shaka anatafuta lori.